Ubao wa Figili

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na minne,
nikapewa kazi ya kusaga rangi na kunyamaza.
Kusaga nilijua.

Bwana Isoda alichonga mbao za mcheri,
mti mgumu, usiosamehe.
Kila kitu alikichonga kinyume:
mkono wa kushoto ukawa wa kulia,
na mtu anayevuka daraja kurudi kwake
ubaoni alikuwa anaondoka.
"Ubao husema uongo," alisema, "karatasi ndiyo hukiri."
Akatemea mate jiwe la kunolea,
akarudi kwenye unywele mmoja wa mwanamke
alioushika tangu alfajiri.

Unywele mmoja! Wala hakuuchonga wenyewe:
alichonga pembeni mwake, huku na huku,
akabakisha ukingo mwembamba kama uzi.
Kazi yetu, nilikuja kufahamu,
ni kuondoa kisichotakiwa
na kuiogopa patasi
isiondoe na kinachotakiwa.

Nyumbani hakuwa fundi kiasi hicho.

Mcheri ulipochanua aliuza kimono cha harusi cha mkewe
akanunua mbao saba.
Bibi Fusae hakupiga kelele. Alifunga kifurushi,
akatia chumvi, akatia kisu,
akachukua na ubao mmoja ulioegemea ukuta:
daraja la Kanda usiku, anga safi, ufa kidogo kwenye pembe.
"Na mimi nahitaji mti," alisema mlangoni,
akaenda zake Kawagoe, kwa mama yake.

Septemba mosi, saa sita kasoro dakika mbili,
Tokyo nzima ilikuwa imewasha mkaa wa chakula cha mchana.
Ardhi ikajikung'uta kama mbwa aliyetoka majini.
Halafu moto.
Mbao mia mbili na kumi na mbili, jasho la miaka thelathini na mmoja,
ziliwaka vizuri sana.
Tulisimama ng'ambo ya mto
naye akizitaja moja moja,
kama mwalimu anayeita majina darasani
na hakuna anayeitika.

Tulitembea siku mbili.
Bibi Fusae alikuwa jikoni, anakata figili.
Hakuinua uso. Aliongeza figili nyingine.

Hapo akauona, chini ya kisu:
anga lake safi limechanjwa chale,
mamia, zote mshazari,
mkono mmoja, hasira moja.

Mtu aliyewahi kunizaba kofi
kwa kuukwaruza ubao kwa ukucha,
akaupangusa maji ya figili kwa mkono wa nguo yake,
akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha.
"Lete wino."

Wino uko wapi? Tulikwangua masizi ya chungu,
tukayakoroga na gundi ya mchele;
karatasi tukaibandua mlangoni mwa mama mkwe.
Nikasugua mgongo wake kwa ganda la mwanzi,
duara, duara,
nikaivuta kwa pembe.

Mvua.
Mvua nyeupe juu ya daraja lililokwisha kuungua,
na yule mtu, kichwa ameinamisha,
sasa anarudi kwake.

Mnunuzi mmoja wa Osaka, mwenye miwani ya dhahabu,
aliuliza mvua ile imechongwa kwa patasi gani.
Bwana Isoda akamwonyesha mkewe kwa kidevu.
Mgeni akacheka sana.

Kimono hakikurudi. Hilo silifichi.
Lakini kila tulipomaliza kuchapa
sauti ilitoka jikoni: "Ubao wangu?"
Tukaupeleka.
Ndiyo maana nakala za mwaka wa tatu zina mvua kubwa,
na hii niliyo nayo, ya mwaka wa tisa,
daraja halionekani kabisa,
mtu unamwona mabega tu,
na nyuma, kwa penseli, mwandiko wa bibi:
*figili mbili, chumvi, mafuta ya taa.*